Miguu Mifupi ya Transista

Masika, mutoto wangu,

Blanketi liko chini ya sanduku, mahindi ya kuchoma yamefungwa ndani ya kitambaa cheupe, na mambo mengine yote ya safari mama yako amekwisha kukuambia mara tano. Sitayarudia. Wewe sasa uko Kibati unamuaga bibi yako, mvua inapiga bati, na mimi nimeketi kwenye meza yetu ya kazi. Nimesukuma pembeni waya na bisibisi ili karatasi ipate nafasi. Nina saa chache kabla hujarudi. Nataka kuandika jambo moja tu, na sipendi kuliandika.

Unakwenda Bukavu kufanya kazi katika atelye, karakana ya redio, ya Papa Zakaria. Mtaa mzima unacheka. Jana mke wa karani alisimama mlangoni petu, mikono kiunoni, akasema, "Papa Masika, ni kweli unamutuma binti akashike moto na risasi ya kulehemu? Haungemutafutia bwana?" Nikamjibu kwamba bwana wake ameshindwa hata kutengeneza mlango wa nyumba yao usilie, na bado yeye alimpata. Akaondoka amenuna. Usihangaike na watu kama hao. Picha ile niliyokuonyesha ndani ya gazeti la redio kutoka Ulaya, wanawake wameketi mistari kwa mistari, kila mmoja na chuma chake cha kulehemu, mke wa karani hajaiona, na angeiona angeuliza wanapika nini.

Unaona? Hata barua sijaianza vizuri na tayari nimemdharau mtu. Wewe unanijua. Wengine wanazaliwa na kikohozi, mimi nilizaliwa na dharau. Nawadharau makarani wanaovaa koti kwenye jua. Namdharau Leonari mpiga gitaa, aliyepaka mafuta kichwani mpaka nzi wanateleza. Na patro wetu, yule Mbelgiji mwenye atelye karibu na bandari, huyo nilimdharau kila siku ya Mungu, kuanzia saa moja asubuhi. Alishika chuma cha kulehemu kama mtu anayeshika kijiko cha dawa ya mwingine. Redio ikikataa kusema aliipiga kofi ubavuni. Ikikataa tena aliniita mimi, kisha mwenye redio akija kuichukua, patro alisimama mbele ya meza na kueleza jinsi alivyotafuta ugonjwa wake kwa siku mbili. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika bisibisi, nacheka ndani ya tumbo.

Lakini mtu niliyemdharau kuliko wote hakuwa patro. Alikuwa Zakaria.

Ulikuwa mtoto mkubwa, unakumbuka alivyokuwa akija kwetu Jumapili baada ya misa. Ndiye aliyekushika kwenye maji ya ubatizo. Tulikula naye sahani moja, nilimwita ndugu, na moyoni nilimwona kama kobe. Alikuwa mpole, mfupi wa maneno, na Kifaransa chake kilikuwa cha "oui" na "non" tu. Kazi ambayo mimi naimaliza kabla jua halijafika dirishani, yeye aliimaliza jua likiwa limetoka dirishani. Kabla ya kulehemu alikwangua waya kwa wembe, akaufuta, akautazama, akaukwangua tena. Mimi nilimwambia mbele ya wateja, "Zakaria, unalehemu ao unabatiza?" Watu walicheka. Yeye pia alicheka kidogo, akaendelea kukwangua.

Basi, mwaka juzi, Leonari alikuja atelye na gitaa lake la umeme. Alikuwa amesikia sahani moja ya muziki kutoka mbali ambamo gitaa lilitetemeka kama maji ya ziwa upepo ukiyapitia. Alitaka na lake litetemeke hivyo. Patro hakujua kama jambo hilo linawezekana, kwa hiyo alisema ni rahisi sana. Alitafuta ndani ya magazeti yake akapata mchoro wa kisanduku kidogo, kinachokaa kati ya gitaa na mashine ya kukuza sauti. Hakikuwa na lampu za kioo kama zile za redio kubwa. Kilitaka kile kitu kipya, transista.

Zilikuja kwa ndege kutoka Ulaya, baada ya wiki nyingi, tatu ndani ya kikopo chenye pamba. Kisanduku kilihitaji mbili, ya tatu ilikuwa ya akiba. Unazijua sasa, umezishika, lakini siku ile hakuna mtu Goma aliyekuwa amewahi kuifungua pamba ile kabla yetu. Kila moja ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, imepakwa rangi nyeusi, na doa moja jekundu ubavuni. Chini yake miguu mitatu, myembamba kama nywele za mkia wa ng'ombe. Patro alizimwaga mezani akasema zinafanya kazi ya lampu bila kuwaka moto. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Zakaria atakitengeneza kisanduku. Wewe una haraka."

Masika, nilikuwa na miaka kumi na moja ndani ya atelye ile. Nilikuwa ninasoma mchoro wa Kifaransa kama watu wanavyosoma jina lao. Zakaria aliusoma kwa kufuata mistari na kidole. Na patro, mpumbavu yule, ambaye kwa miaka yote hakuona chochote, siku ile aliona kweli. Hilo ndilo lililonichoma. Kama angekosea ningecheka tu.

Zakaria alifanya kazi siku nne. Alichukua kipande cha ubao mgumu, akatoboa matundu, akapanga vitu vyote vya mchoro, akavilehemu kimoja kimoja. Transista aliziacha za mwisho, ndani ya pamba yao. Alinieleza ingawa sikumwuliza. "Lampu imezoea joto," alisema. "Iki haikuzoea. Moto ukipanda kwenye muguu ukafika mwilini, inakufa. Na ikikufa hautajua. Haitoe moshi, haitoe sauti. Utaiangalia ni ile ile."

Akanionyesha kwa waya mwingine jinsi atakavyofanya. Miguu ataiacha mirefu, hataikata. Kila mguu ataushika kwa koleo dogo, lile tunaloita pense, kati ya mwili na mahali pa kulehemu, na kwenye meno ya pense atazungusha kitambaa chenye maji, ili joto linywewe hapo lisipande. Chuma cha moto kitagusa, atahesabu moja, mbili, ataondoa. Kisha atasali nusu ya Salamu Maria kabla ya kugusa mguu mwingine.

"Na nusu ingine?" nilimuuliza.

"Nusu ingine ni ya muguu wa tatu," akajibu, na sikujua kama anatania.

Siku ya tano hakuja. Rosa, mkewe, alikuwa ameshikwa na uchungu, na Zakaria alikuwa amempeleka hospitali kabla ya mapambazuko. Patro naye alikuwa amekwenda Rutshuru kwa gari. Nilikuwa peke yangu ndani ya atelye, mimi, na ubao ule juu ya meza ya Zakaria, na kikopo cha pamba kando yake.

Sitakudanganya kwamba nilitaka kumsaidia. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, na patro arudi akute ni mimi. Nilitaka kumwonyesha kwamba vitambaa vyake na sala zake ni woga tu uliovaa nguo za akili. Nikapasha moto chuma kikubwa, kile cha kulehemia mabati mazito ya ndani ya redio, kwa sababu chuma kikubwa kinafanya kazi haraka. Nikaikata miguu ya transista, mifupi, sawasawa, kwa sababu nilipenda kazi inayopendeza macho. Nikailehemu yote sita kwa muda ambao Zakaria angetumia kukunja kitambaa. Risasi iling'aa vizuri. Kweli, ilipendeza. Kama kuna zawadi ya maiti nzuri ningeipata.

Nikaunganisha betri, nikagusa waya wa gitaa kwa kidole kusikia mlio. Hakuna. Nikapima hapa, nikapima pale. Hakuna. Nikang'oa moja nikaweka ile ya akiba, nikaikata nayo miguu, nikailehemu, na sasa kwa hasira niliacha chuma kikae pale muda mrefu kuliko mwanzo. Hakuna. Tatu zote. Nilizitazama, zilikuwa zile zile, nyeusi, na doa lao jekundu.

Hapo ningeweza kuacha kila kitu mezani, nikasubiri, nikasema, "Ni mimi." Ni maneno mawili. Patro angenitukana, labda angenifukuza, labda hapana, maana bila mimi redio zake zingebaki mabubu. Nilikuwa na nafasi kuliko Zakaria. Badala yake nilichukua kifuniko cha kisanduku, nikakifunga kwa misumari yake minne ya kuzungusha, nikakifuta vumbi, nikakirudisha juu ya meza ya Zakaria.

Asubuhi ya kesho yake walikuja wote kwa pamoja, kana kwamba shetani aliwaita kwa majina. Zakaria alifika kutoka hospitali, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anacheka peke yake. Mtoto wa kiume. Leonari alifika na gitaa. Patro alifika na vumbi la barabara kwenye viatu, akaona kisanduku kimefungwa, akauliza kimekwisha?

Zakaria alifungua mdomo. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilisema kwa Kifaransa, "Zakaria alikimaliza juzi."

Leonari alichomeka gitaa, akasimama kama mtu anayepigwa picha, akapiga. Kimya. Akapiga tena. Patro akakipiga kisanduku kofi, kama desturi yake. Kisha akakifungua.

Zakaria aliinama kutazama ndani. Nilimwona akitazama. Hakutazama waya, hakutazama betri. Alitazama transista, na aliona alichokiona, akanyanyua kichwa polepole na kuniangalia mimi. Wakati ule patro alikuwa ameanza. Alimwita mwizi wa muda, alimwita nyani, akauliza nani alimpa nyani kitu cha watu wenye akili. Leonari alitazama dari.

Zakaria alisema, kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba tulikuwa wawili tu ndani ya chumba, "Miguu ni mifupi."

Patro akanigeukia. "Anasema nini?"

Na mimi, fundi mwenye Kifaransa, nilijibu, "Anasema anaomba radhi."

Nimefanya makosa mengine maishani, mengine unayajua, mama yako ana orodha. Lakini kila nikikumbuka lile, ngozi yangu inakataa kukaa mwilini. Kuharibu transista ilikuwa ujinga. Kunyamaza ilikuwa woga. Lakini kuchukua neno la kweli kutoka mdomoni mwa mtu, likiwa bado na joto, na kuligeuza kuwa ungamo lake, ile sijui inaitwaje. Zakaria hakujua Kifaransa kingi, lakini neno "pardon" kila mtu analijua. Alilisikia. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti. Akatoka. Mtoto wake alikuwa na siku moja duniani.

Ile jioni uliniuliza kwa nini Papa Zakaria amefukuzwa. Nilikuwa nanawa mikono. Nilikuambia, "Aliharibu vitu vya patro. Mutu muzembe hana dawa." Ulikuwa na miaka kumi na mitano, na ulinisadiki, maana kwa nini usinisadiki?

Juma lile tulikuwa tunatoka Munigi, wewe na mimi, tumebeba viazi vitamu. Tulikutana naye njiani, pale mawe meusi yanapokuwa makali. Alikuwa amebeba kuni. Akatua mzigo wake, akasema, "Masika, mutoto wangu, habari ya masomo?" Na wewe ulipita. Ulipandisha bega, ukageuza uso upande wa mlima, ukapita kama watu wanavyopita jalala. Papa wako wa ubatizo.

Nikasimama pale na viazi kichwani. Ningeweza kukuita. Nilitazama bega lako lile na nikalitambua. Ni langu. Ndivyo mimi ninavyowapita watu. Nilikuwa nimedhani nimekupa mikono yangu, ile inayotulia juu ya waya, ambayo kila mtu anaisifu. Kumbe nilikuwa nimekupa bega.

Zakaria alisema tu, "Ameshakuwa mukubwa." Akajitwisha kuni zake. Baada ya siku chache walipanda meli kwenda kwao Rosa, Bukavu, na kichanga chao.

Sasa sikia kilichofuata, maana dhambi nyingine zina dharau kuliko mimi. Patro aliagiza transista nyingine, na safari hii hakukuwa na Zakaria wa kumpa. Alinipa mimi. Unakumbuka nilivyokaa kwenye meza hii ya nyumbani Jumamosi zote, natumia chuma kilichopashwa kwenye makaa, nalehemu vipande vya waya na kuving'oa? Mama yako alidhani ninarukwa na akili. Nilikuwa najifunza. Mimi, wa miaka kumi na moja ya kazi, nilikuwa nakumbuka kila alichofanya mtu niliyemcheka: wembe, kitambaa chenye maji, pense kati ya mwili na moto. Wewe uliketi kando yangu ukaniuliza mbona nahesabu kwa sauti. Nilikuambia ndivyo inavyofanywa. Sikusema nani alinifundisha. Kila ulichojifunza juu ya meza hii, Masika, ni chake. Mimi nilikibeba tu kutoka mahali nilipokiiba.

Siku ya kulehemu zile za kweli niliacha miguu mirefu. Gusa, moja, mbili, ondoa. Nilijaribu kusali, nikaona aibu kusali sala yake, nikahesabu tu mpaka ishirini kati ya mguu na mguu. Kisanduku kiliimba. Leonari alikipeleka kwenye dansi ya Jumamosi, na gitaa likatetemeka kama alivyotaka, na watu waliacha kucheza ili wasikilize. Aliniita mbele, akaninyanyua mkono, akapiga kelele, "Fundi ni uyu!" Watu walipiga makofi. Patro, aliyekuwa amekuja na mkewe kutazama, alisema tena na tena kwamba yeye ndiye aliyeamua. Niliwatazama wote wale wanaopiga makofi na nikawadharau kwa kuwa wepesi kudanganywa, kisha nikakumbuka nani anayewadanganya. Nilitoka kabla wimbo haujaisha.

Nilikaa na jambo hili mwaka mzima. Pasaka iliyopita nilikuambia nakwenda Bukavu kutafuta vyombo vya redio. Nilikwenda kumtafuta Zakaria. Haikuwa kazi ngumu. Niliuliza fundi wa redio anayechelewa, na watu watatu wakanionyesha njia ile ile, kisha mmoja akaongeza, "Anachelewa, lakini haurudie mara ya pili."

Atelye yake ni chumba kimoja, dirisha moja, meza moja. Alikuwa ameinama juu ya kazi na hakunyanyua kichwa mpaka alipomaliza mguu aliokuwa nao. Mtoto alikuwa sakafuni anacheza na sanduku tupu la betri. Zakaria akaniona, akaweka chuma chini.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima, ndani ya meli. Yote yalipotea. Nilisema, "Ni mimi nilikata miguu."

"Ninajua," akasema. "Nilikuambia siku ile."

"Juu ya nini haukusema mbele ya patro? Ungesema ni mimi."

Akafuta vidole kwa kitambaa. "Ningemwambia na kinywa gani? Kinywa changu kilikuwa chako. Na kama ningepata kinywa, angeamini nyani gani kati ya sisi wawili?"

Rosa alitokea mlangoni, akaniona, akamchukua mtoto wake kutoka sakafuni, akaingia ndani. Hakunisalimia. Nilisema nimekuja kuomba msamaha. Zakaria alichukua wembe, akaanza kukwangua waya.

"Umeomba," alisema. "Sasa niache nione kama musamaha iko ndani yangu. Leo sijaiona. Nina kazi ya watu."

Hakunifukuza. Hakunikaribisha kuketi. Nilisimama pale mpaka nikaona nazuia mwanga wake, nikaondoka. Ndani ya meli kurudi Goma, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, nilisafiri siku nzima bila kumdharau mtu mwingine yeyote kati ya abiria. Sikuwa na nafasi. Zamu yote ya kudharauliwa ilikuwa yangu.

Ndiyo maana mwezi uliopita, baharia wa meli alipoleta ujumbe wa Zakaria, nilimwambia aurudie mara mbili. Ulisema hivi: "Kazi imenizidi. Nitumie Masika, nimekumbuka mikono yake tangu mudogo. Sikumuite kwa ajili yako." Wewe ulifurahi, ukauliza kwa nini mtu mzembe amepata kazi nyingi hivyo. Nilikuambia watu wanabadilika. Hata hapo nilikudanganya. Hakubadilika hata kidogo. Yuko vile vile alivyokuwa, na wewe utaketi mezani kwake siku ya kwanza ukiwa na uongo wangu kichwani, na bega langu.

Sijui utamkuta namna gani. Pengine Rosa hatakuchekea mapema. Asipokuchekea, usiseme ana roho mbaya, ana kumbukumbu nzuri. Kuhusu njia ya Munigi, sikuombi umwambie Zakaria ni papa aliyekudanganya, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Bega lilikuwa lako siku ile, na pengine wewe unajua kuliko mimi cha kufanya nalo. Mimi langu nimeshindwa nalo. Umeona mwenyewe mwanzoni mwa barua hii. Mke wa karani hakunifanyia kitu.

Nilikuwa nimefika hapa na nikitaka kumaliza, mama yako akaingia kutoka shambani, jembe mkononi, matope mpaka magotini. Akaona karatasi zimejaa meza. "Papa Masika, unaandika nini yote iyo? Blanketi nilimwambia." Nikaona siwezi kukupa wewe jambo ambalo yeye, niliyelala naye miaka yote hii, halijui. Nikamsomea. Yote, tangu mwanzo. Alisikiliza akiwa amesimama, hakulitua jembe.

Nilipomaliza alikwangua matope ya jembe kwa kidole. Kisha akasema, "Rosa alipozaa, nilikatala kumupelekea uji. Nilisema siwezi kupikia bibi wa mutu mwenye kuharibu kazi ya bwana yangu. Alilala siku tatu ku hospitali, na sikuenda."

Hilo sikulijua. Nilidhani nimehesabu vyote nilivyounguza.

Nilisema, "Nitampa Masika barua kesho, akipanda meli."

Hapo ndipo alipolitua jembe. "Ku meli hapana. Ku meli mutu hawezi kugeuka. Unataka asome katikati ya maji, alie na watu anaowajua hawako, ili wewe usimuone uso? Atasoma hapa. Akitaka kwenda, ataenda. Akitaka kubaki, atabaki."

Akaenda kunawa. Nimemsikia akimwaga maji, akajaza tena beseni, akamwaga. Kisha amerudi kuniambia kwamba kikapu chako hakijajaa, ataweka unga wa mtama wa uji kwa ajili ya Rosa, na kwamba utamkabidhi wewe mkononi na utataja ni nani aliyeutuma.

Basi, Masika, imekuwa hivyo. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nitakupa karatasi hizi na nitaketi mbele yako mpaka usome yote. Sitatoka nje kujifanya natafuta kitu. Ukitaka kuuliza, uliza, nitajibu kwa Kiswahili chepesi bila kumtafsiri mtu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Na kama utakwenda, sanduku lako ni zito na mawe ya njia ya bandarini ni makali, nitalibeba mimi. Kama hutataka tutembee pamoja, utatangulia na mama yako. Mimi nitakuja nyuma.

Papa yako